Nasaha kwa Wanaokwenda Kufundisha Kiingereza Vijijini Rwanda

Wapo miongoni mwa vijana wetu wa Tanzania na Kenya, waliohitimu vyuo vya ualimu na vyuo vikuu, ambao kabla ya kupata ajira ya kudumu, au baada ya kuitumikia miaka michache, huingiwa na shauku ya kuvuka mpaka wakafundishe kwa kujitolea katika nchi ya jirani. Na kwa kuwa somo wanaloombwa zaidi ni Kiingereza, na kwa kuwa Rwanda ni nchi ambayo haja ya somo hilo ilikuja kwa ghafla na ingali kubwa, nimeona ni vyema kuwaandikia nasaha hizi wale walioazimia kwenda huko, na hasa wale watakaopangiwa shule za vijijini, mbali na taa za Kigali, ambako mema ya mgeni na makosa yake huonekana upesi na hukumbukwa kwa muda mrefu.

Desturi ya vijana kwenda ng'ambo kujitolea haikuanza leo. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora waliasisi nchini Uingereza shirika la VSO. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani akaanzisha Peace Corps, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea watu wake. Na mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ukaunda mpango wake wenyewe wa watu wa kujitolea. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa upande wa kupokea. Tuliwaona wageni waliokuja wakakaa, wakajifunza lugha zetu, wakaacha nyuma yao walimu walioimarika. Na tuliwaona pia wale waliofika kwa majuma matatu, wakapiga picha na watoto, wakaenda zao, na shule ikabaki kama ilivyokuwa. Leo zamu imetugeukia sisi kuwa wageni wa wenzetu, na maadamu tumekwisha kuonja uwenyeji, hatuna udhuru wa kutojua ni mgeni wa namna gani anayefaa.

Kabla ya kufunga mzigo, yampasa msafiri aijue hali anayoiendea. Shule za Rwanda, baada ya madarasa ya mwanzo yaliyosomeshwa kwa Kinyarwanda, zilifundisha kwa muda mrefu kwa Kifaransa, lugha iliyoachwa na utawala wa Wabelgiji. Baada ya mwaka 1994 zilirejea jamaa nyingi zilizokuwa zimeishi uhamishoni Uganda na Tanzania, na watoto wao wengi walikuwa wamezoea kusoma kwa Kiingereza. Mwaka 2007 nchi hiyo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 2008 baraza la mawaziri likakata shauri kwamba Kiingereza ndicho kitakachokuwa lugha ya kufundishia. Na mwaka uliofuata Rwanda ikapokewa katika Jumuiya ya Madola. Baadaye Kinyarwanda kilirejeshwa katika miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi, kisha mwishoni mwa mwaka 2019 ikaamuliwa tena kwamba Kiingereza kianzie darasa la kwanza.

Sasa mtafakari mwalimu wa kijijini aliyepitiwa na mageuzi haya. Alisoma kwa Kifaransa, akafuzu kwa Kifaransa, akafundisha hesabu na sayansi kwa Kifaransa miaka kumi au kumi na mitano, akawa mtu wa kuheshimika katika kilima chake. Kisha kwa muda mfupi akatakiwa asimame mbele ya watoto wale wale na kuyafundisha masomo yale yale kwa lugha ambayo naye alikuwa bado anaitafutia maneno. Maarifa yake hayakupungua hata chembe, ila ulimi wake ulifungwa. Na hata walimu vijana waliokuja baada yake, waliosomeshwa na walimu wa namna hiyo, aghalabu huijua sarufi ya Kiingereza kuliko wanavyothubutu kukisema. Mtu huyu ndiye utakayemkuta, na huyu ndiye uliyetumwa kwake, hata kama barua ya uteuzi wako inasema kwamba umetumwa kwa watoto.

Hapa ndipo penye kiini cha nasaha yangu yote. Mgeni wa kujitolea atakaa mwaka, au miwili akijaliwa, kisha ataondoka. Mwalimu wa kijiji atabaki, na kila mwaka atapokea darasa jingine. Ukiwafundisha watoto wewe mwenyewe, hata ukiwa hodari namna gani, faida yako itaishia kwa watoto wa mwaka ule. Lakini ukimsaidia mwalimu wao akakisema Kiingereza kwa utulivu na bila ya hofu, faida hiyo itaendelea kwa watoto ambao hutawaona kamwe. Kwa hiyo kila shauri utakalokata, tangu kuchagua shule mpaka siku ya kuaga, lipime kwa swali hili moja: je, litamwacha mwalimu huyu na nguvu zaidi, au litamfanya aonekane si kitu?

Tuanze na shauri la kwenda kwenyewe. Kujua lugha ni jambo moja na kujua kuifundisha ni jambo jingine. Basi kama hukupata mafunzo ya ualimu, tafuta kwanza nafasi ya kufundisha katika shule iliyo karibu nawe, ukae chini ya mwalimu mzoefu walau muhula mmoja, uone jinsi darasa linavyoshikwa. Pili, usiende kwa muda ulio chini ya mwaka mzima wa masomo. Mwaka wa shule wa Rwanda huanza Septemba na kumalizika Julai. Muhula wa kwanza utakwisha ukiwa bado unajifunza majina na njia, wa pili ndio utakaoanza kufaa, na wa tatu ndio utakaoona matunda. Mtu mwenye majuma machache tu, na atumie wasaa huo kuisaidia shule ya kijijini kwao, ambako hahitaji kujifunza mila mpya, na thawabu yake haitakuwa haba.

Tatu, mchunguze anayekupeleka. Yako mashirika ya kweli, na wako mawakala wanaofanya biashara ya nia njema za watu. Ukitakiwa kulipa ada, omba uoneshwe kwa maandishi fedha hizo zinakwenda wapi, na shule inapata nini. Uliza ni nani aliyeomba mwalimu, jina lake na cheo chake. Na ukijibiwa kwa maneno ya juu juu, rudi nyuma. Uwe na hadhari maradufu ukiambiwa kwamba utafundisha katika kituo cha mayatima. Rwanda ilipitisha mwaka 2012 mkakati wa kuwatoa watoto katika vituo hivyo na kuwarejesha katika jamaa zao au kwa walezi, kwa kuwa malezi ya nyumbani ndiyo yanayomstahili mtoto. Basi mgeni anayekwenda katika vituo hivyo huenda, bila ya kukusudia, akawa sababu ya kituo kuendelea kuwashika watoto ambao wana jamaa.

Kuhusu hati na masurufu, sitakawia sana. Beba pasipoti, vyeti vyako vilivyothibitishwa, cheti cha tabia njema kutoka polisi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Usidhani kwamba kwa kuwa sisi ni wa Jumuiya moja, au kwa kuwa hulipwi mshahara, huhitaji kibali: hakikisha kabla ya safari kwamba wilaya inakujua, na kwamba idara ya uhamiaji imekupa ruhusa ya kuifanya kazi hiyo. Pata bima ya afya, uwe na chandarua, na uwe na sweta nzito, kwa maana vilima vya kaskazini, Musanze na Burera, vina baridi ambayo mtu wa pwani hajaizoea. Chukua na viatu vya mpira kwa ajili ya matope ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, kwani imepigwa marufuku huko tangu mwaka 2008. Saa yako irudishe nyuma kwa saa moja, na unapovuka barabara kumbuka kwamba magari yao hupita upande wa kulia. Kisha weka akiba ya nauli ya kurudia ambayo hutaigusa kwa sababu yoyote.

Lugha ya wenyeji ndiyo zawadi ya kwanza utakayowapelekea, na wewe, Mswahili, una sudi ambayo mgeni wa Ulaya hana. Kinyarwanda ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili: mtu kwao ni umuntu na watu ni abantu, kitabu ni igitabo na vitabu ni ibitabo, mtoto ni umwana na watoto ni abana. Anza kujifunza miezi mitatu kabla ya safari, na ufike ukiweza kusema "mwaramutse" asubuhi, "mwiriwe" baada ya adhuhuri, na "murakoze" kila unapotendewa hisani. Ni kweli kwamba Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini humo mwaka 2017, na utawakuta wafanyabiashara na Waislamu wa mjini wanaokisema vizuri, lakini usikitegemee kijijini. Faida ya kujifunza Kinyarwanda haiishii katika maamkizi. Mwalimu mwenyeji akikuona unababaika na kukosea katika lugha yake bila ya kuona haya, naye atapata moyo wa kubabaika na kukosea katika Kiingereza mbele yako. Na hapo mtakuwa wanafunzi wawili wanaosaidiana, jambo ambalo hotuba yoyote ya kumtia moyo haiwezi kulileta.

Adabu za kijiji hazitakuwa ngeni sana kwako. Wanyarwanda wa vijijini ni watu wa staha, wenye sauti ya chini, na wasiopenda kumtahayarisha mtu hadharani. Unapompa mkono mkubwa wako, shika kigasha cha mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto kuonesha taadhima. Usile huku ukitembea njiani. Vaa nguo nadhifu na uvae viatu safi, kwa maana mwalimu kwao ni mtu wa kutazamwa, na wenzako watakuwa wamepanda kilima chenye tope wakafika wasafi. Waungwana wasemao kwamba mgeni ni wa siku mbili na ya tatu hupewa jembe watafurahi kukuta kwamba Rwanda jembe hilo lina siku yake: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, ambapo watu wazima wa kila kijiji hutoka kuanzia saa mbili ya asubuhi kwenda kulima mitaro, kutengeneza barabara au kupanda miti, kisha hukaa mkutano. Nenda tangu mwezi wako wa kwanza. Omba ruhusa ya kujitambulisha katika mkutano huo, useme kwa maneno machache umekuja kufanya nini na utaondoka lini. Kama wewe ni Mwislamu, mweleze mwenyeji wako mapema habari ya chakula na sala, uulize msikiti ulio karibu uko wapi, na mpange na mwalimu mkuu saa ya kwenda Ijumaa; jambo likisemwa mapema kwa upole halimtii mtu mashaka.

Liko jambo moja ambalo lazima uliendee kwa adabu kubwa zaidi kuliko yote. Tarehe 7 Aprili ya kila mwaka Rwanda huanza kuomboleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na maombolezo hayo huchukua siku mia. Katika siku hizo usipige muziki, usialike watu kwa furaha, na ukiitwa katika mkutano wa ukumbusho, nenda, ukae kimya na usikilize. Wakati wowote wa mwaka, usimuulize mtu kabila lake wala habari za jamaa zake waliokufa. Kama ataka kukusimulia, atakusimulia kwa hiari yake. Na jambo hili linaingia mpaka ndani ya somo la Kiingereza. Vitabu vya kujifunzia lugha hupenda kuanza na habari ya familia: babu yako anaitwa nani, shangazi zako ni wangapi, wajomba zako wanaishi wapi. Katika chumba cha walimu wenye umri wa miaka arubaini na zaidi, maswali hayo mepesi yaweza kumfikisha mtu mahali ambapo hakukusudia kufika mbele ya wenzake. Basi unapofundisha majina ya ndugu, tumia familia ya kubuni iliyochorwa ubaoni. Na unapofundisha wakati uliopita, uliza habari za jana na juzi, mvua, soko na mavuno, usiagize insha ya maisha yangu ya utotoni.

Tuje sasa darasani. Si ajabu kukuta watoto hamsini au sitini katika chumba kimoja, watatu watatu katika dawati, kitabu kimoja kwa kundi, na chaki. Usiombe darasa lako mwenyewe. Mwombe mwalimu mkuu akuunganishe na walimu wawili au watatu, na kazi yako kubwa ifanyike jioni ya siku iliyotangulia, mkikaa pamoja nusu saa juu ya somo la kesho. Msomeane kwa sauti ile sehemu itakayosomwa. Mchague maneno matano magumu myatamke mpaka yakae. Mfanye mazoezi ya amri ndogo ndogo za darasani, za kukaa, kufungua ukurasa na kujibu kwa zamu, kwa sababu mwalimu aliyezishika amri hizi huweza kuliendesha somo zima kwa Kiingereza bila ya kutafuta maneno. Asubuhi yeye ndiye asimame mbele, na wewe ukae nyuma na daftari. Ukisikia kosa, liandike, ulimeze. Usimsahihishe mwalimu mbele ya wanafunzi wake, hata likiwa kosa la wazi. Utamwambia baadaye, mkiwa wawili, baada ya kumwambia kwanza mambo mawili aliyoyafanya vizuri.

Chukua mfano wa somo la saa kwa darasa la nne. Wanyarwanda huhesabu saa kama sisi, na majina yenyewe wameyachukua kutoka Kiswahili: saa ya pili ya asubuhi wao huiita "saa mbiri". Mtoto akitakiwa kuisema kwa Kiingereza atasema "two o'clock", na mwalimu wa kutoka Ulaya atashangaa. Wewe hutashangaa, kwani nawe ulikosea vivyo hivyo ulipokuwa shule ya msingi. Mwambie mwalimu achore saa kubwa ubaoni na kuweka mishale miwili ya mabua ya mtama; aoneshe kwamba mshale uelekeao nane ndio Mwingereza anaousoma, na kwamba "saa mbiri" ni hesabu ya tangu jua lilipochomoza. Kisha dawati kwa dawati, mtoto mmoja ataje saa anayoamka, wa pili aiweke mishale, wa tatu aiseme kwa Kiingereza, kisha wabadilishane zamu. Watoto sitini watakuwa wamesema, kila mmoja kwa ulimi wake, katika muda ambao kuitikia kwa pamoja kungewaacha wengi wakisogeza midomo tu.

Kadhalika utayajua mapema yale mengine yanayowasumbua. Katika Kinyarwanda sauti za r na l hazitenganishi maneno, kwa hiyo mtoto atasema "lice", yaani chawa, akikusudia "rice", yaani mchele. Usianze na ulimi wake; anza na sikio. Yaandikwe maneno hayo pande mbili za ubao, mwalimu ayataje, na watoto wainue mkono wa upande wa neno walilosikia. Wakisha kusikia tofauti, kuitamka hakutachelewa. Lugha yao, kama yetu, haitofautishi yeye mwanamume na yeye mwanamke, wala haina vile vineno viwili, "a" na "the", ambavyo Mwingereza huvitanguliza mbele ya majina. Mtu aliyeingia katika Kiingereza kutoka lugha ya Kibantu anajua mlango ulipo na kizingiti kilipo juu, na maarifa haya ndiyo hazina yako. Ama vifaa vya kufundishia, picha na orodha za maneno zichorwe kwa rangi juu ya magunia ya mchele yaliyopasuliwa na kushonwa, kwani magunia hupatikana kila soko na hudumu kuliko karatasi. Na yachorwe na walimu wenyewe, ili wajue kuyatengeneza mengine utakapokuwa haupo.

Kuhusu watoto, jiwekee mipaka tangu siku ya kwanza. Usikae na mtoto peke yako ndani ya mlango uliofungwa. Usimpige picha bila ya idhini ya mzazi na ya shule. Usimchague mmoja ukamlipia sare au madaftari, kwa maana wenzake watauliza kwa nini si wao, na mzazi wake atajiona amepungukiwa. Kama una cha kutoa, kipitishe katika kamati ya wazazi, ili kiwafikie wote bila ya jina lako. Na ukiombwa mkopo na walimu wenzako, jua kwamba wao wana ushirika wao wa akiba na mikopo. Kataa kwa upole, mara moja, na kwa wote.

Itafika siku, aghalabu katika mwezi wako wa pili, ambapo mvua itakufungia chumbani, umeme utakatika, habari za nyumbani zitachelewa, na utajiuliza umekuja kufanya nini. Hali hiyo humpata kila msafiri na hupita. Nenda kwa jirani, ukae jikoni, umenye viazi, unywe ikivuguto, yale maziwa ya mgando, na usikilize lugha. Andikiana na mwenzako aliye shule nyingine. Usikate shauri la kurudi siku ya mvua.

Mwisho, uandae kuondoka kwako tangu muhula wa tatu unapoanza. Punguza jioni za kukaa pamoja, uwaache walimu wajiandae wawili wawili wao kwa wao; kaa nyuma ya darasa mara moja tu kwa juma; mwombe mwalimu aliyekuwa mwoga kuliko wote awaongoze wenzake katika somo moja la Kiingereza mchana mmoja, nawe ukae kama mmoja wa wanaofundishwa. Daftari lako la masomo liachie shule. Usiahidi kurudi kama hujui kwamba utarudi, wala usiahidi kutuma vitu. Na kama siku ya kuaga utaona kwamba shule inaweza kuendelea bila wewe, usihuzunike kwamba hukuhitajiwa: hiyo ndiyo kazi uliyoombwa, na umeitimiza. Basi wewe uliyeazimia kwenda, anza leo kutafuta shule, kukusanya hati na kujifunza maamkizi, kwa kuwa Septemba haimngoji mtu. Na Mwenyezi Mungu akujaalie uwe mgeni ambaye mwenyeji wake alipona kweli.